Bel Air ya 1957 au Camry: jibu kwa msomaji wa Houston

Swali: Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Houston, Texas, pamoja na familia. Kuna mzee jirani anauza Chevrolet Bel Air ya 1957, milango minne, injini ya V8, na inatembea vizuri. Kazini wananiambia gari za Marekani za miaka ile ndizo zilikuwa chuma, za leo ni plastiki tupu. Mkigongana, wewe unashuka unajifuta vumbi na mwenzako anaokotwa. Nafikiria kuuza Camry yangu ya 2018 nichukue hiyo, iwe ya kwenda kazini na kupeleka watoto shule. Ni kweli zilikuwa bora kuliko za sasa?

Jibu: Ndugu yangu, hiyo Bel Air kama umeipenda inunue, ila Camry usiiuze. Wenzako wa kazini wana ukweli, lakini ni nusu, na ile nusu waliyoiacha ndiyo inayowahusu watoto wako moja kwa moja. Ngoja nikueleze kwa kirefu, kwa sababu swali lako linaulizwa sana na mara nyingi linajibiwa kwa ushabiki.

Tuanze na hilo la chuma. Ukifungua mlango wa Bel Air ya 1957 utausikia uzito wake mkononi. Bampa ni chuma kilichopakwa kromu, dashibodi ni bati gumu lililopigwa rangi, na chini kuna fremu yenye mihimili ya boksi inayobeba bodi yote. Camry ukiigonga ubavuni kwa kiganja inatoa sauti ya kopo. Mtu akisimama baina ya gari hizo mbili, hakuna wa kumlaumu akidhani moja ni ngome na lingine ni kifungashio. Sasa yaweke kwenye mizani. Bel Air ina urefu wa mita 5.08 na uzito wa kama kilo 1,500 na ushei. Camry ya 2018 ina mita 4.88, na uzito wake nao uko kwenye kilo 1,500 hivi. Kwa hiyo Camry ni fupi, bati lake la nje ni jembamba, na bado yanakaribiana uzito. Chuma kimekwenda wapi? Kimeingia ndani: kwenye nguzo za kioo cha mbele, kwenye kizingiti cha chini ya mlango, kwenye mihimili iliyofichwa ndani ya milango, kwenye mbavu za paa. Na si chuma kile cha 1957. Kuna sehemu za bodi ya gari la leo ambazo chuma chake kina nguvu mara kadhaa ya bati la kawaida, kiasi kwamba waokoaji wa ajali wamelazimika kupata mikasi mipya ya kukatia nguzo hizo. Hicho ndicho kinachokulinda, na kwa macho hukioni.

Ushahidi upo. IIHS, taasisi ya makampuni ya bima ya Marekani inayoshughulikia usalama barabarani, ilianzishwa 1959. Ilipotimiza miaka 50, mwaka 2009, ilichukua Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009 ikazigonganisha uso kwa uso kwenye maabara yake huko Virginia. Kila moja ilikuwa ikienda maili 40 kwa saa, yaani kilomita 64, na ziligongana upande wa dereva tu, kama inavyokuwa mtu anapohama njia yake barabarani. Kwenye kila usukani alikaa mtu bandia mwenye vipimo mwilini. Picha za video za jaribio hilo zinapatikana. Zitazame kabla hujampa mzee hata senti.

Utakachokiona ni hiki. Pua ya Malibu inakunjika yote, lakini ukunjaji unaishia mbele ya kioo. Chumba cha abiria kinabaki na umbo lake, mifuko ya hewa inafumuka, na vipimo vinaonyesha dereva angeumia mguu. Bel Air inaanza kukunjika mbele vilevile, ila haikomi. Nguzo ya kioo cha mbele inapinda kuingia ndani, paa linajikunja, kioo kinang'oka, dashibodi na usukani vinasukumwa hadi kwenye kifua na uso wa dereva. Mkanda hakuna. Wataalamu waliopima walisema dereva yule angekufa palepale. Wapenzi wa magari ya kale walibisha sana: eti Bel Air ile haikuwa na injini, eti ilikuwa imeoza kutu. Injini ilikuwemo, silinda sita za mstari, lita 3.9. Na lile wingu la vumbi la kahawia linaloonekana, taasisi ilieleza kwamba ni uchafu wa barabarani wa miaka mingi uliokuwa umejificha ndani ya bodi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanaokuonyesha video ile hawalisemi. Gari lako ni la 1957, lile lilikuwa la 1959, na fremu zake hazifanani. Chevrolet kubwa za 1958 hadi 1964 zilitumia fremu yenye umbo la X, nyembamba katikati, isiyo na mihimili ya pembeni chini ya milango. Yako ya 1957 ina mihimili ya pembeni, na mimi nikilazimishwa kuchagua kati ya hizo mbili ningechagua yako. Kwa hiyo usiichukue video kama picha kamili ya gari la mzee jirani. Lakini yale yaliyomuua yule mtu bandia yote yamo kwenye Bel Air yako: mkanda unaovuka kifua haukuwekwa kwa kawaida kiwandani, hakuna mfuko wa hewa, dashibodi ni chuma, na fimbo ya usukani ni moja iliyonyooka kutoka kwenye boksi la usukani kule mbele mpaka kifuani pako. Mbele ikirudi nyuma, fimbo nayo inarudi nyuma. General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, ilianza kuweka fimbo inayojikunja yenyewe kwenye magari ya mwaka 1967, miaka kumi baada ya lako.

Kwa nini ugumu hauokoi? Hesabu yake ni fupi. Gari likienda kilomita 64 kwa saa, na wewe mwenye kilo 70 unakwenda kilomita 64 kwa saa. Gari likigonga, wewe bado unaendelea mbele mpaka kitu kikusimamishe. Ukifungwa mkanda ndani ya gari ambalo pua yake inakunjika polepole, mwili wako unapata kama nusu mita ya kusimamia, na mzigo unaoupata ni sawa na kubebeshwa tani mbili na zaidi kwa muda mfupi sana. Ni mzigo mkubwa, lakini mkanda ukiugawa kifuani na nyongani, watu wanapona. Usipofungwa, ukaenda kusimamishwa na dashibodi ya chuma ndani ya sentimita tano, mzigo uleule unakuwa zaidi ya tani ishirini, tena unaangukia sehemu moja, pengine kichwani. Weka mayai ndani ya debe bila pumba wala majani, liangushe, kisha utazame debe na utazame mayai. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz alikuwa ameshaliona hilo alipoomba hataza mwaka 1951: mbele na nyuma ya gari viwe laini, katikati pawe pagumu. Magari ya kwanza kujengwa kwa mpango huo kamili yakatoka Ujerumani 1959. Detroit, mji wa viwanda vya magari vya Marekani, wakati huo ilikuwa ikishindana kwa mapezi ya urembo ya nyuma ya gari.

Nisiwaonee watu wa Detroit. Mwaka 1956 Ford walijaribu. Waliuza magari yenye usukani uliozama katikati usitoboe kifua, makomeo ya milango yasiyofunguka kwenye ajali, na kwa wanaotaka, mikanda na dashibodi yenye sponji. Wateja wengi hawakuvutwa, na mwaka ule Chevrolet wakauza zaidi. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria ya usalama wa magari 1966, na kuanzia Januari 1968 mikanda ikawa lazima kwenye magari mapya. Tangu hapo takwimu zimebadilika sana. Mwaka 1966 Marekani ilikuwa ikipoteza zaidi ya watu 5 kwa kila maili milioni 100 zilizoendeshwa. Miaka hii idadi inacheza kati ya 1 na 1.5. Si gari peke yake lililofanya hivyo, barabara, hospitali na sheria za ulevi zimechangia, lakini gari lina fungu lake kubwa.

Sasa breki, na hapa ndipo naomba usome polepole, kwa sababu ajali ya uso kwa uso unaweza kuishi maisha yako yote usiipate, lakini breki utazikanyaga kila siku. Bel Air ya 1957 ina breki za dramu magurudumu yote manne. Dramu ikipata joto inapanuka na kwenda mbali na viatu vyake, na viatu vyenyewe vinapoteza msuguano. Ukishuka mlima mrefu, au ukifunga breki kali mara tatu nne mfululizo kwenye foleni inayokwenda na kusimama, pedali inaanza kuzama na gari linasimama kwa kusitasita. Ikipita kwenye maji, na Houston unaijua mvua yake, dramu inalowa na gari linavuta upande mmoja. Hayo ni ya kuzoea. La kutozoea ni masta silinda. Ya 1957 ina chumba kimoja tu kinachopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu yote manne. Mpira mmoja wa breki ukipasuka, au kikombe kimoja cha gurudumu kikivuja, mafuta yote yanatoka hapo na pedali inagusa sakafu. Huna breki za mbele, huna za nyuma, unabaki na breki ya mkono. Kampuni kubwa za Marekani zilipofika magari ya 1967 zikaweka masta silinda yenye vyumba viwili, ili upande mmoja ukipotea mwingine ubaki. Ukinunua gari hilo, kazi ya kwanza kabla ya rangi, kabla ya viti, kabla ya redio, ni kuweka masta silinda ya vyumba viwili na breki za diski mbele. Vifaa vyake vinauzwa vikiwa seti kamili kwa modeli yako hiyohiyo, na fundi mwenye akili timamu anavifunga bila kukata fremu.

Kwenye nguvu za injini wazee wako wa kazini watakuletea namba. Watakwambia V8 ile ya lita 4.6 ilikuwa na nguvu farasi 185 kwa kabureta ndogo, 220 kwa ile kubwa, na waliolipia mfumo wa sindano za mafuta walipata 283. Namba hizo ni za kweli kama zilivyochapwa, ila zilipimwa injini ikiwa uchi mezani: haina kisafisha hewa, haina ekzosi ya gari, haina mzigo wa feni wala jenereta. Ndivyo Marekani ilivyopima mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipohamia kipimo cha injini ikiwa na vitu vyake vyote. Camry yako kama ni ya silinda nne, lita 2.5, ina farasi 203 kwa kipimo hiki kikali. Yaani nusu ya injini, nguvu zaidi. Kwenye mafuta tofauti ni kubwa hata zaidi. Bel Air ya V8 mjini itakupa kilomita 5 au 6 kwa lita, Camry mara mbili ya hapo bila kujitahidi. Mwaka 1957 hilo halikumsumbua mtu, petroli ilikuwa kama senti 30 kwa galoni.

Hata hivyo injini hiyo naiheshimu kuliko ninavyoweza kueleza. Ilizaliwa 1955 chini ya mhandisi Ed Cole, ikiwa na lita 4.3, na mwaka 1957 ikapanuliwa. Walitengeneza blok nyembamba na nyepesi, wakaacha mashina mazito ya kubebea nyundo za vali, wakaweka nyundo za bati lililobonyezwa, kila moja imekaa juu ya msumari wake yenyewe. Matokeo yake ni injini ndogo, nyepesi, inayozunguka haraka, na rahisi kutengeneza kwa wingi. Ilipofika mwaka 2011 General Motors ilitoa injini ya milioni 100 ya ukoo huo. Kwa mmiliki hii ina maana moja ya manufaa: spea hazitakusumbua. Kwa gari lenye umri wa karibu miaka 70 hilo ni jambo la kushangaza, lakini gasketi, pampu, taa, mipira ya milango, hata mabati mengi ya bodi, vinatengenezwa leo na kuletwa mlangoni.

Na hapa ndipo gari la zamani linapolishinda la sasa waziwazi. Fungua boneti ya Bel Air umwite mwanao. Kuna nafasi ya kuingiza mikono yote miwili hadi kwenye viwiko. Kabureta hiyo hapo, pampu ya mafuta ile pale ubavuni, distribyuta nyuma, jenereta mbele, na kila kimoja unaweza kumweleza mtoto wa darasa la sita kinafanya nini na akakuelewa. Gari likikataa kuwaka una maswali mawili: cheche ipo? mafuta yanafika? Unachomoa waya wa plagi, unaukaribisha kwenye chuma, unamwambia mtu apige stata, unaona cheche au huoni. Kama hakuna, unafungua kifuniko cha distribyuta, unatazama platinamu kama zimeungua, unazisugua kwa msasa laini, unapima uwazi wake, unafunga. Kazi imekwisha, na hujamlipa mtu. Camry ikiwasha taa ya injini inabidi uunganishe mashine ya kusoma hitilafu kwenye kile kitundu cha chini ya dashibodi, kilicholazimishwa kwa magari yote mapya ya Marekani tangu 1996. Mashine inakupa namba, na namba inakuonyesha eneo, si lazima ikuonyeshe kifaa chenyewe. Taa moja ya mbele ya gari la kisasa ikivunjika unanunua taa nzima, na magari mengine yana rada nyuma ya bampa inayohitaji kurekebishwa upya baada ya kugongwa kidogo tu. Naliona hili kuwa tatizo la kweli. Mtu wa kipato cha kawaida analipia gharama ambazo baba yake hakuwahi kuzijua, na vijana wanaojifunza ufundi wanakua wakibadilisha vifaa badala ya kuvitengeneza.

Cuba ni mfano mzuri wa upande huo. Baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya biashara vya Marekani vilivyokamilika 1962, Chevrolet, Buick na Plymouth zilizokuwa Havana zilibaki bila spea. Mafundi wakaziendeleza kwa vyuma vya kuchonga wenyewe na kwa injini za dizeli zilizotoka kwenye magari mengine, nyingi za Kisovieti. Zikawa teksi za kubeba abiria kwa njia maalumu, zinaitwa almendrones, na zimefanya kazi hiyo kwa vizazi. Gari lenye kompyuta kadhaa zinazotegemeana lisingevumilia miaka sitini ya namna hiyo. Lakini tazama kilichowezesha: ni kazi ya mikono ya kila wiki. Magari yale hayakudumu yenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu watu wanapenda kusema ya zamani yalidumu zaidi. Hapana. Nenda kwa mzee jirani utazame saa ya maili kwenye dashibodi: ina tarakimu tano za maili. Ikifika 99,999 inarudi sifuri, na waliolitengeneza hawakuona shida, kwa kuwa magari machache yalifika huko bila kufunguliwa injini. Dhamana ya gari jipya la Marekani miaka hiyo ilikuwa siku 90 au maili 4,000, kipi kitangulie. Oili ilibadilishwa kila baada ya maili elfu moja au mbili, grisi ilipigwa kwenye viungo vya mbele kila maili elfu. Leo wastani wa umri wa magari yaliyoko barabarani Marekani umepita miaka 12, na Camry yenye maili 200,000 hakuna anayeitolea macho.

Na kutu. Mwaka uleule wa 1957, mji wa Tulsa, Oklahoma, ulikuwa ukisherehekea miaka 50 ya jimbo lao. Wakachukua Plymouth Belvedere mpya, rangi ya dhahabu na nyeupe, wakaifunika vizuri na kuizika ndani ya chumba cha zege mbele ya mahakama, ifukuliwe baada ya miaka 50. Waliweka pamoja nayo petroli na oili, kwa kuhofia kwamba mwaka 2007 huenda petroli isiwepo tena. Mshindi wa gari hilo angekuwa mtu aliyebashiri kwa ukaribu zaidi idadi ya wakazi wa Tulsa wa mwaka 2007. Juni 2007 walipofukua mbele ya umati, maji yalikuwa yameingia zamani. Gari lilikuwa rundo la kutu la rangi ya udongo, viti vimeyeyuka, springi zimekatika. Ni kweli maji yangeharibu gari lolote, lakini bati la 1957 halikuwa na zinki, na sehemu za ndani za bodi hazikufikiwa na rangi kabisa. Gari la leo linazamishwa zima kwenye pipa la rangi ya kuzuia kutu, umeme ukiivuta rangi hadi kwenye pembe zisizofikiwa na brashi. Houston yenye unyevu wa Ghuba ya Mexico si rafiki wa gari lako hilo.

Kuhusu raha ya safari sitakuchosha. Kiti cha mbele cha Bel Air ni kama kochi, nguzo za kioo ni nyembamba na unaona barabara yote, tofauti na Camry ambayo nguzo zake nene zinaweza kumficha mtu anayevuka. Usukani kama hauna msaada wa haidroliki utakutoa jasho ukiegesha. Kiyoyozi mwaka huo kilikuwa cha wachache, na Agosti ya Houston huijui mpaka uikae ndani ya gari la chuma lisilo na kiyoyozi.

Jambo ambalo mara nyingi linasahaulika ni moshi. Bel Air haina masega kwenye ekzosi, kifaa cha kusafisha moshi kilichoanza kuwekwa kwenye magari ya Marekani ya mwaka 1975. Tena ilijengwa kutumia petroli yenye risasi, sumu iliyowaharibu watoto wa mijini akili na damu kwa miongo mingi. Kusini mwa Sahara tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Marekani ilishaizuia kwa magari ya barabarani tangu 1996. Petroli ya leo haina risasi, na kwa mwendo wa mwisho wa wiki injini yako itavumilia. Ukitaka kuisukuma barabara kuu kila siku kwa maili 70, siti za vali za ekzosi zitaliwa, na itabidi kichwa cha injini kifunguliwe ziwekwe siti ngumu. Tena petroli ya kwenu ina ethanoli, inayolainisha mipira ya zamani, kwa hiyo badilisha mipira yote ya mafuta na kiwambo cha pampu. Na kwenye oili, usiweke ile ya kawaida ya Camry: nyingi za sasa zimepunguzwa zinki ili kulinda masega, na kamshafti ya Bel Air inasuguana na tapeti bapa zinazohitaji zinki hiyo. Tafuta oili iliyoandikwa ni ya injini za zamani. Kamshafti iliyoliwa ni kazi ya kushusha nusu ya injini.

Joto litakuletea ugonjwa mwingine. Pampu ya mafuta imebanwa ubavuni mwa injini na bomba lake linapita karibu na chuma cha moto. Ukisimama foleni saa nane mchana, petroli inachemka ndani ya bomba, pampu inavuta mvuke, gari linazima. Usimalize betri kwa stata. Fungua boneti, funika pampu na bomba kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, subiri kidogo, litawaka.

Kuhusu watoto nitasema wazi. Kiti cha mtoto kinahitaji mkanda au ndoano za kukishikilia, na Bel Air haina hata kimoja. Unaweza kufunga mikanda, na nakuhimiza uifunge, lakini bolti zake zipite kwenye fremu au kwenye bamba nene la chuma chini ya sakafu. Bolti iliyotobolewa kwenye bati tupu itang'oka pamoja na bati. Hata baada ya hapo, shule na kazini nendeni na Camry. Bel Air itoe kwa mizunguko ya mitaani Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tulivu, mwendo wa wastani. Angalia pia namba za usajili. Texas wanatoa namba za magari ya kale kwa gari lililofikisha miaka 25, za bei nafuu, ila zinakubana: ni kwa maonyesho, gwaride na shughuli za klabu, si kwa usafiri wa kila siku. Ukitaka uhuru wa kuliendesha, lisajili kwa namba za kawaida au za aina inayoruhusu matumizi hayo, na mweleze wakala wa bima ukweli wa matumizi yako.

Mzee akikubali, omba gari linyanyuliwe kabla ya kuongelea bei. Chukua bisibisi na sumaku. Bisibisi ichokoe fremu pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, na chini ya milango, sehemu zinazokusanya tope, ikizama, ondoka. Sumaku ipitishe taratibu kwenye kona za chini za mabawa na kuzunguka taa za mbele. Isiponata, ujue chini ya rangi kuna puti na bati limekwisha. Waya za umeme zikunje kidogo uone kama gamba lake linapukutika, kwa sababu hizo huwasha moto. Tazama tarehe ya tairi hata kama kashata zake ni nzima. Gari linalolala gerejini linazeesha mpira bila kulitumia. Liwashe likiwa baridi kabisa, si baada ya mzee kulipasha, usikilize kama oili inapanda kwenye geji haraka. Kisha mwambie akuendeshe yeye kwanza, uone anakanyaga breki mara ngapi kabla ya kusimama.